Ratiba ya Treni Isiyopita

Fomu imeniachia mistari miwili
ya "maoni ya mdodosaji."
Haitoshi. Nageuza karatasi, naandika mgongoni.

Nyumba namba 0412, Lota, kilimani juu kabisa,
ngazi mia na kumi na nne (nilizihesabu kwa magoti),
mabati ya buluu, mvua ya Juni ikiyapiga kama inadai deni.
Kura ya kompyuta ilimwangukia Orfelina Huenchul,
miaka arobaini na tisa, mpasua samaki,
buti za kiwandani bado miguuni.
"Mimi sijasoma," alisema kabla sijamwamkia.
"Msubiri binti yangu."
Nikamjibu: kura haijui binti. Imekutaka wewe.

Alinawa mikono mara mbili ndipo akaigusa skrini,
na skrini haikumtambua;
barafu na chumvi zimeikausha ngozi ya vidole.
Nikamwazima kalamu ya mpira.

Swali la kumi na saba lilikuwa ratiba ya treni.
Ukiondoka mji huu saa mbili na robo,
ukabadili pale, utafika kule saa ngapi?
Aliitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu.
"Treni," alisema. "Ya mwisho ilibeba makaa.
Nilikuwa na mimba ya Danilo."
Nikabonyeza: *bila jibu*.

Usinielewe vibaya, Mheshimiwa.
Sisemi mtihani umemwonea.
Swali lililofuata lilikuwa kibandiko cha dawa ya homa:
mililita ngapi kwa mtoto wa kilo kumi na mbili?
Akakosa, tena kwa uhakika,
na nyuma ya pazia, kitandani,
alikuwa akikohoa mjukuu wa uzito huohuo.
Hapo ndipo nilipotokwa jasho, na baridi yote ile.

Tulipomaliza alibandika birika, akanionyesha daftari.
Kila zamu: kreti ngapi, kilo ngapi,
toa barafu, zidisha kwa bei.
Mwezi wa Machi msimamizi alimpunja mara tatu
na mara tatu akamrudisha mezani.
Asilimia anazipiga kichwani,
hajui tu kwamba ndilo jina lake.

Na mwandiko! Wa shule, herufi zenye mikia.
Darasa la nane aliwahi kusoma shairi mbele ya meya.
Kisha miaka ishirini na miwili kiwandani
hajapewa karatasi ya kusoma,
ila ya kutia saini.

Najua huko Santiago mtazipanga nchi kwa safu
na swali la kwanza litakuwa: tuko wa ngapi?
kana kwamba ni ligi, na tumefungwa nyumbani.
Mtaagiza madarasa. Yatakuwa saa kumi na mbili jioni,
mjini, chini ya ngazi zote zile,
na watakaokuja ni waliokwisha kusoma;
mwenye godoro ndiye huongezewa mto.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake,
lakini nywele zisizochanwa miaka ishirini husokotana.
Msizilaumu nywele.
Ulizeni nani aliondoka na chanuo.
Ulizeni zamu huisha saa ngapi,
na mkataba umeandikwa kwa herufi za sisimizi ili asome nani.
Kuuliza si ujinga, tulifundishwa.
Kuuliza mara moja kila miaka kumi,
kisha kunyamaza, sijui kunaitwaje.

Mlangoni aliniuliza, "Nimepata ngapi?"
Kanuni hainiruhusu kusema, na kweli sikujua.
Nikampa vocha ya duka na stakabadhi yake.
Akainamia kutia saini kwa haraka aliyoizoea,
kalamu ikagusa karatasi,
akasita.
Akaisogeza dirishani penye mwanga,
akaanza kuisoma kuanzia juu, midomo ikicheza,
na mimi nikasimama mvuani nikimsubiri,
nyumba nne zikiwa bado.